Jamaika, 1865: Ghasia Hazikuanza Oktoba

Masimulizi mengi ya mwaka 1865 wa Jamaika, kisiwa cha Karibi kilichokuwa koloni la Uingereza, huanzia tarehe 11 Oktoba. Siku hiyo mamia ya watu waliingia Morant Bay, mji mdogo wa pwani ya kusini mashariki, wakaichoma mahakama moto na kuwaua mahakimu na askari wa kujitolea waliokuwa ndani. Gavana akatangaza sheria ya kijeshi, wanajeshi wakapita vijijini, na mwisho wa mambo wakahesabiwa Wajamaika 439 waliouawa na serikali. Ukiianzia hapo, hadithi hujipanga yenyewe: wenye fujo walichokoza, serikali ikajibu, na labda katika kujibu ilipitiliza. Ubishi wote uliofuata huko London, uliowagawa wasomi wakubwa wa Uingereza, ulikuwa juu ya neno hilo moja, kupitiliza.

Mimi naupinga mpangilio huo tangu mstari wa kwanza. Mwaka 1865 ulianza Januari, na kwa miezi tisa kabla ya mahakama kuungua, maskini wa Jamaika na wachache waliowasemea walijaribu kila njia halali waliyoijua. Waliandika. Walifanya mikutano ya hadhara. Walitia saini maombi. Walikwenda kwa miguu hadi makao ya gavana. Mwaka huo, kwa sehemu kubwa, ni mwaka wa barua, na mtu asiyesoma barua hizo hana haki ya kuhukumu yaliyotokea Oktoba.

Kwanza ieleweke koloni hilo lilikuwaje. Utumwa ulikomeshwa katika milki ya Uingereza tarehe 1 Agosti 1834, ukafuatiwa na miaka minne ambayo waliokuwa watumwa walilazimika kuendelea kuwafanyia kazi mabwana zao kwa jina la uanagenzi. Uhuru kamili ulikuja tarehe 1 Agosti 1838. Serikali ya Uingereza ilitenga pauni milioni 20 za fidia, na zote zilikwenda kwa wenye watumwa. Aliyechapwa viboko shambani hakupata hata senti, wala kipande cha ardhi. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunaujua mtindo huo, kwa sababu amri ya Zanzibar ya mwaka 1897 ilifuata njia hiyo hiyo: fidia kwa bwana, na aliyekuwa mtumwa akabaki kwenye shamba la karafuu la mtu mwingine, akiishi hapo kwa hisani ya mwenye shamba.

Jamaika ya miaka ya 1860 ilikuwa na watu wapatao 441,000. Weupe hawakufika 14,000. Koloni lilikuwa na Bunge lake, lililokuwa limedumu miaka 200, na wenye mashamba wakilionea fahari kama bunge la watu huru. Lakini sifa za mpiga kura zilikuwa mali na kodi, kiasi kwamba waliokuwa na haki ya kupiga kura hawakufika 2,000 katika kisiwa kizima. Bunge hilo lilitunga kodi. Ushuru wa forodha ulikilemea chakula na nguo za maskini. Punda na mkokoteni wa mkulima mdogo vilitozwa. Na sehemu ya fedha za umma ilitumika tangu mwaka 1845 kusafirisha vibarua kutoka India waje kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa, yaani mkulima alikuwa akichangia kuletewa mshindani wa kumshushia ujira.

Sukari yenyewe ilikuwa imeanguka. Mwaka 1846 Bunge la Uingereza liliamua kuondoa hatua kwa hatua upendeleo wa ushuru uliokuwa unailinda sukari ya makoloni yake, na wenye mashamba wa Jamaika wakajikuta wanashindana na Cuba na Brazili, ambako watumwa walikuwa bado wanafanya kazi bila ujira. Mashamba mengi yakafungwa. Yaliyobaki yalilipa kidogo na kulipa kwa kuchelewa. Ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani mwaka 1861, na bei za unga wa ngano, samaki wa chumvi na vitambaa vya pamba zikapanda, kwa sababu Jamaika iliagiza vitu hivyo kutoka au kupitia huko. Juu ya yote mvua zikakosekana, na bustani za viazi vikuu na ndizi zilizowalisha watu milimani zikakauka.

Hapo ndipo inapokuja barua ya kwanza. Tarehe 5 Januari 1865, Edward Bean Underhill, katibu wa Jumuiya ya Wamisionari wa Kibaptisti mjini London, alimwandikia Waziri wa Makoloni, Edward Cardwell. Underhill aliwahi kuitembelea Jamaika na alikuwa akipata habari kutoka kwa wachungaji wa huko. Aliandika kwamba watu wana njaa na wamevaa matambara, kwamba wizi wa mazao umeongezeka kwa sababu ya njaa, kwamba kodi si za haki, na kwamba mtu mweusi amenyimwa haki za kisiasa. Haikuwa barua ya uchochezi. Ilikuwa ya mtu mzima wa kanisa anayemweleza waziri hali ilivyo na kumwomba afanye uchunguzi.

Cardwell aliipeleka kwa gavana ili apate maoni yake. Gavana alikuwa Edward John Eyre. Mtu huyu anastahili maelezo, kwani ujanani hakuwa katili. Alizaliwa mwaka 1815, akahamia Australia, akawa mvumbuzi wa maeneo yasiyojulikana na Wazungu. Mwaka 1840 na 1841 alivuka jangwa la pwani ya kusini ya bara hilo, na asingefika mwisho wa safari bila Wylie, kijana wa wenyeji wa huko aliyebaki naye wenzao wote walipokuwa wamekufa, wametoroka au wamerudishwa. Baadaye alipewa kazi ya kuwalinda wenyeji kwenye mto Murray na akasifiwa kwa uadilifu. Miaka zaidi ya ishirini baadaye yuko Jamaika, na anaisoma barua inayosema watu wana njaa, na jibu lake kwa London ni kwamba wana njaa kwa sababu ni wavivu. Sioni haja ya kutafuta siri katika moyo wa mtu huyo. Cheo kilimweka mezani pamoja na wenye mashamba, na wao ndio waliomweleza nchi ikoje.

Eyre aliisambaza barua ya Underhill kwa mahakimu, mapadri na watu wengine wenye vyeo, akitaka majibu ya kuipinga. Ikaingia magazetini. Watu wa kawaida wakaisikia, na wakaona kwamba kumbe kuna mtu London anayesema wanayoyasema wao. Miezi ya Machi hadi Agosti ilijaa mikutano ya hadhara kisiwani kote, ambayo watu waliiita mikutano ya Underhill. Katika baadhi ya mikutano hiyo mwenyekiti alikuwa George William Gordon.

Gordon alikuwa chotara, mwana wa mwenye shamba wa Kiskoti na mwanamke mtumwa. Alijipatia mali kwa biashara, akanunua ardhi, akawa hakimu, kisha mbunge. Alikuwa Mkristo wa msimamo mkali aliyejiunga na Wabaptisti wa Kijamaika, makanisa yaliyoongozwa na weusi wenyewe nje ya usimamizi wa wamisionari. Mwaka 1862 alilalamika hadharani kuhusu hali ya mahabusu ya Morant Bay, baada ya maskini mmoja mgonjwa kufungiwa humo na kufa. Eyre alimwondoa Gordon kwenye uhakimu. Mwaka uliofuata wakulima wadogo wachache waliokuwa na kura wakampeleka Bungeni kama mwakilishi wa wilaya ya St. Thomas-in-the-East. Aliyemfanyia kampeni alikuwa shemasi wa kijiji cha Stony Gut, jina lake Paul Bogle.

Barua ya pili ndiyo ninayoiona nzito kuliko zote. Mwezi Aprili, maskini wa wilaya ya St. Ann walimwandikia Malkia Victoria. Walieleza dhiki yao, wakaomba wapewe ardhi ya Taji, yaani ya serikali ya Malkia, iliyokuwa imelala bila kutumika. Tazama walivyoomba. Walisema watatia mikono na mioyo kazini, watapanda kahawa, mahindi, miwa, pamba na tumbaku. Wataunda kampuni ya kuendesha kilimo hicho. Wakamwomba Malkia ateue wakala wa kupokea mazao, na awape cha kujikimu wakati wanaanza kazi, nao watamlipa kidogo kidogo kwa mazao hayo. Leo tungeuita mpango huo ushirika wa wakulima wenye mkopo wa kuanzia. Waliuandika watu ambao gavana wao alikuwa ametoka kuieleza London kwamba hawapendi kazi.

Eyre aliipeleka barua London pamoja na ushauri wake kwamba isikubaliwe. Jibu la tarehe 14 Juni liliandikwa na Henry Taylor, ofisa mkongwe wa Wizara ya Makoloni. Lilisema kwamba ustawi wa tabaka la wafanyakazi, Jamaika na kwingineko, unategemea kufanya kazi ya ujira, si kwa kubahatisha bali kwa bidii na bila kukatiza, wakati wowote kazi yao inapohitajika na kwa muda wote inapohitajika. Kwamba wakifanya hivyo mashamba yatazalisha, na mwenye shamba ataweza kuwalipa vizuri. Kwamba watazame juhudi zao wenyewe ndizo zitakazowaboreshea maisha. Kuhusu ardhi, hapakuwa na neno.

Eyre alifurahi sana. Aliagiza jibu hilo lichapishwe kama tangazo, nakala 50,000, chini ya kichwa kinacholiita ushauri wa Malkia, zibandikwe kila mahali, zisomwe makanisani. Nakala 50,000 katika nchi ya watu 441,000 ni karibu moja kwa kila watu tisa. Baadhi ya wachungaji wa Kibaptisti walikataa kulisoma kwa waumini wao.

Hapa ndipo ninapoiweka hatia ya mwaka 1865, mwezi Juni, mezani, kwenye karatasi safi. Watu wa Jamaika walikuwa na imani kubwa na Malkia. Waliamini kwamba yeye ndiye aliyewapa uhuru, na kwamba wabaya ni wenye mashamba waliosimama katikati, wasiofikisha ukweli kwake. Imani hiyo ndiyo iliyoshikilia amani ya kisiwa kwa miaka 27. Serikali ikaiondoa kwa mikono yake, ikalisambaza tangazo hilo kisiwa kizima ili kila mtu ajue kwamba sauti ya juu kabisa na sauti ya mwenye shamba ni moja. Wapo walioshindwa kuamini. Walisema Malkia hawezi kuwa ameandika maneno yale, na uvumi ukaenea kwamba kuna mpango wa kurudisha utumwa.

Mwezi Agosti Bogle aliongoza ujumbe wa watu wa Stony Gut hadi Spanish Town, uliokuwa mji mkuu, kumweleza gavana malalamiko yao ana kwa ana. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 70, nao walikwenda kwa miguu. Gavana hakukubali kuwaona. Wakarudi walikotoka kwa miguu ile ile.

Malalamiko yao makubwa yalihusu mahakama. Katika St. Thomas-in-the-East, mahakimu walikuwa wenye mashamba na wasimamizi wao. Kibarua aliyepunjwa ujira alikwenda kushtaki mbele ya mtu aliyempunja, au rafiki yake. Mkuu wa mahakimu wa wilaya alikuwa Baron Maximilian von Ketelhodt, Mjerumani aliyeoa na kupata mashamba huko. Kesi ndogo ziliongezewa gharama za mahakama, na mara nyingi gharama zilizidi faini. Kwa hiyo watu wa Stony Gut walikuwa wameanza kuendesha baraza lao wenyewe la kusuluhisha kesi. Serikali iliona hilo ni uasi. Kwangu ni ushahidi wa watu waliokuwa bado wanaitaka sheria na hawaioni.

Jumamosi tarehe 7 Oktoba ilikuwa siku ya mahakama Morant Bay. Kijana mmoja alitozwa faini, na mtu mmoja kati ya wasikilizaji akapaza sauti kumwambia alipe faini lakini asilipe gharama. Polisi wakataka kumkamata, kukatokea purukushani, akaponyoka. Siku hiyo hiyo ilisikilizwa kesi ya Lewis Miller, ndugu wa Bogle, ambaye farasi wake alikuwa ameingia kwenye ardhi ya shamba ambayo wanakijiji walidai haipaswi kulipiwa kodi ya pango. Jumatatu zikatolewa hati za kumkamata Bogle na wengine 27. Jumanne polisi wachache walifika Stony Gut, wakazidiwa nguvu na mamia ya wanakijiji, wakalazimishwa kula kiapo kwamba watasimama na weusi. Kisha wakaachiliwa waende zao wakiwa hai.

Jumanne hiyo hiyo, tarehe 10 Oktoba, Bogle na wenzake walifanya jambo ambalo masimulizi ya ghasia hulipitia haraka. Waliandika tena. Walimwandikia Eyre wakiomba ulinzi wake, kwa kuwa wao ni raia watiifu wa Malkia. Walisema wakinyimwa ulinzi watalazimika kujitetea wenyewe, kwani wameonewa kwa miaka 27 huku wakizitii sheria za Malkia na za nchi, na sasa hawawezi kuvumilia zaidi. Hesabu hiyo ya miaka 27 inarudi moja kwa moja hadi 1838. Walikuwa wanasema kwamba wamekuwa wakionewa tangu siku walipoambiwa wako huru.

Gavana alijibu kwa meli ya wanajeshi. Kabla haijafika, Jumatano tarehe 11, Bogle na watu wake waliteremka Morant Bay kwa ngoma na mabaragumu. Walivamia kituo cha polisi na kuchukua silaha. Walifika uwanja wa mahakama, ambako askari wa kujitolea walikuwa wamejipanga. Mawe yakarushwa, risasi zikapigwa, watu saba wa Bogle wakaanguka. Baada ya hapo hapakuwa na kuzuia. Jengo lilitiwa moto na waliotoka wakikimbia moto waliuawa kwa mapanga na marungu, akiwamo Baron von Ketelhodt. Watu 18 wa upande wa serikali walikufa. Mahabusu 51 walifunguliwa gerezani. Sitapunguza uzito wa vifo hivyo; vilikuwa vya kinyama. Lakini risasi ndizo zilizotangulia mapanga, na barua zilitangulia vyote viwili.

Sheria ya kijeshi ilitangazwa tarehe 13 Oktoba katika mkoa wa mashariki, isipokuwa Kingston. Ilidumu mwezi mmoja. Wanajeshi hawakukutana na jeshi lolote la waasi; hawakupoteza mtu hata mmoja kwa mkono wa adui. Bado katika mwezi huo waliwaua watu 439, kati yao 354 kwa hukumu za mahakama za kijeshi na wengine bila kesi ya aina yoyote. Watu wapatao 600 walichapwa viboko, wanawake wakiwamo. Nyumba 1,000 zilichomwa. Huko Bath, mji mdogo wa ndani, mijeledi ilisokotewa nyaya ili ichane nyama. Ofisa mmoja wa makao makuu alimwandikia mwenzake kumsifu kapteni aliyekuwa akimpiga risasi kila mweusi asiyeweza kujieleza, na akaandika kwa furaha juu ya kasi ya unyongaji mahali pengine. Barua hiyo ilikuja kusomwa hadharani, na iliwashtua Waingereza wengi kuliko takwimu.

Kesi ya Gordon inaonyesha ugonjwa wenyewe. Tarehe 11 Oktoba Gordon alikuwa Kingston, mgonjwa. Aliposikia anatafutwa, alijisalimisha mwenyewe tarehe 17. Kingston haikuwa chini ya sheria ya kijeshi. Mahakama za kiraia zilikuwa wazi na zingeweza kumshtaki. Eyre alimpandisha meli ya kivita Wolverine na kumpeleka Morant Bay, kwenye eneo la sheria ya kijeshi, ili ahukumiwe huko. Jumamosi tarehe 21 aliwekwa mbele ya maofisa watatu vijana, wawili wa jeshi la majini na mmoja wa nchi kavu. Ushahidi mwingi ulikuwa maelezo ya maandishi ya watu ambao hawakuwapo mahakamani kuhojiwa. Kesi ilimalizika siku hiyo hiyo. Jumatatu asubuhi alinyongwa kwenye lango la mahakama iliyoungua. Muda mfupi kabla ya kufa alimwandikia mkewe, Lucy, kwamba hajawahi kushauri uasi wala kushiriki, na kwamba yote aliyofanya ni kuwashauri watu wenye malalamiko watafute haki kwa njia halali. Na hiyo ndiyo kweli yake. Hata tume iliyokuja baadaye haikupata ushahidi wa kutosha kwamba alipanga tukio la Morant Bay.

Siku ile ile Gordon aliponyongwa, Bogle alikamatwa na Wamaroni, kizazi cha watumwa waliotoroka na kupigania uhuru wao milimani, ambao kwa mkataba wa karne iliyotangulia walikuwa na wajibu wa kuisaidia serikali. Alinyongwa tarehe 24. Hilo la Wamaroni lina uchungu wa pekee, na Wajamaika wanalijadili hadi leo.

Uamuzi mwingine wa mwaka huo, ambao kwangu ni mkubwa kuliko wote, ulifanyika Desemba na haukumwaga damu. Eyre aliliambia Bunge kwamba kisiwa kimenusurika kuwa Haiti nyingine, ambako watumwa waliasi na kuwaondoa mabwana zao, na kinahitaji serikali yenye nguvu. Wenye mashamba, wenye bunge la miaka 200, waliojigamba kwa uhuru wao mbele ya kila gavana, walipiga kura kujifuta. Walijua hesabu. Weusi walikuwa wakinunua ardhi kidogo kidogo, na wapiga kura kama wale waliomchagua Gordon wangeendelea kuongezeka. Wakaona bora Bunge life kuliko siku moja liwe la watu weusi. Mwaka 1866 Jamaika ikawa koloni la Taji, linalotawaliwa na gavana na baraza la watu walioteuliwa. Wajumbe wa kuchaguliwa hawakurudi hadi 1884, tena wachache, na haki ya kura kwa watu wazima wote ilikuja mwaka 1944.

Watetezi wa mfumo huo mpya husema gavana aliyefuata, John Peter Grant, alifanya mengi mema. Ni kweli. Alianzisha mahakama za wilaya zisizokuwa mikononi mwa wenye mashamba, akapanga upya polisi, akatoa fedha kwa shule. Lakini mahakama hizo ndizo Bogle alizokwenda kuziomba kwa miguu mwezi Agosti. Gavana aliyemfungulia mlango angeweza kuzitoa bila kaburi hata moja. Walipozipata, walizipata kama zawadi ya mtawala ambaye hawakumchagua, na mwenye ardhi aliendelea kuwa yule yule.

Tume ya Malkia, chini ya Sir Henry Storks, ilikaa Jamaika mapema mwaka 1866 na kuwasikiliza mamia ya mashahidi. Ilisema adhabu zilipita kiasi, hukumu ya kifo ilitolewa mara nyingi bila ulazima, viboko vya Bath vilikuwa vya kishenzi, na uchomaji wa nyumba ulikuwa wa ukatili usio na sababu. Pia ilimsifu Eyre kwa wepesi wake siku za mwanzo. Aliondolewa kazini, akarudi Uingereza, akapokewa kwa karamu na kwa maandamano ya kumpinga. Mwanafalsafa John Stuart Mill aliongoza kamati iliyotaka ashtakiwe kwa mauaji, ikiwa na wanasayansi Charles Darwin na Thomas Huxley. Upande wa kumtetea aliongoza mwanahistoria Thomas Carlyle, pamoja na waandishi Charles Dickens, John Ruskin na Alfred Tennyson. Kila jaribio la kumfikisha kizimbani liligonga mwamba mbele ya mahakimu au mabaraza ya raia wa Kiingereza waliokataa kuruhusu kesi iendelee. Mwaka 1874 alipewa pensheni, na akaishi hadi 1901.

Alexander Phillips, Mjamaika aliyefungwa na kuchapwa viboko wakati wa sheria ya kijeshi, alijaribu njia nyingine. Alimshtaki Eyre London akidai fidia. Eyre alijitetea kwa sheria ya kinga iliyopitishwa Jamaika baada ya mauaji, sheria iliyohalalisha kwa kurudi nyuma yote yaliyofanywa kuzima uasi, na ambayo Eyre mwenyewe, akiwa gavana, ndiye aliyeiridhia. Mwaka 1870 majaji walikubaliana naye. Kitendo kilichohalalishwa na sheria ya mahali kilipotendeka hakiwezi kudaiwa Uingereza. Kanuni iliyotokana na hukumu hiyo iliingia vitabuni, ikatumika kwa zaidi ya karne katika nchi zilizorithi sheria ya Uingereza, na wanafunzi wetu wa sheria wanaisoma hadi leo kama kanuni ya kesi zinazovuka mipaka, mara nyingi bila kuambiwa kuwa msingi wake ni mgongo wa mtu aliyechapwa. Mwalimu wa sheria anayeifundisha kesi hiyo na awape wanafunzi wake, pamoja na hukumu, ile barua ya tarehe 10 Oktoba.

Jamaika ilipata uhuru mwaka 1962. Bogle na Gordon ni mashujaa wa taifa, na Bunge la nchi hiyo linakutana katika jengo lenye jina la Gordon. Mwaka 2018 Bunge hilo lilitunga sheria ya kuwafutia hatia, wao pamoja na watu wengine wote walioshiriki katika tukio la Morant Bay. Sheria hiyo imewafikia hata wale wasiojulikana majina, walionyongwa bila mtu kuandika walikuwa akina nani. Fidia ya nyumba 1,000 zilizochomwa haimo ndani yake, wala ardhi iliyoombwa na watu wa St. Ann.